Usiku wa mwisho wa meli, ukumbini Dodoma: uchague upi?

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba mji huu ulipata jina lake kwa tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Idodomya, wakasema: amezama. Kwa hiyo Mama Mwenyekiti aliponipigia simu kuniambia kamati yake inataka sherehe ya meli, hapahapa Dodoma, zaidi ya kilomita 400 za barabara kutoka bahari ilipo, nilicheka kabla sijamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, na usinicheke. Tuna wastaafu wanne, tunawaaga mwisho wa mwezi wa kumi. Pilau, kuku, MC anapiga kelele mpaka saa sita, tumechoka. Binti yangu kanitumia video ya meli, wahudumu wanaingia na moto kichwani, watu wanapunga vitambaa. Hiyo ndiyo tunaitaka.”

“Moto hauko kichwani mama, uko kwenye sinia.”

“Popote ulipo, tunautaka.”

Nilimwomba siku mbili nimwandikie. Alichokiona ni desturi moja tu kati ya kadhaa, na zile nilizozihudumia kwa mikono yangu najua zipi zinahimili joto la hapa na zipi zitatuaibisha mbele ya mgeni rasmi. Halafu nikaona niandike kwa kirefu kidogo, maana si kamati hiyo peke yake. Wapo watu mjini hapa wanaodunduliza kwenye vikoba waende safari ya meli wao wenyewe, na swali lao ni lilelile kwa upande wa pili: meli ipi ina usiku mzuri wa kuagana?

Mimi nilifanya mikataba miwili ya miezi minane minane kwenye meli ya kitalii, mhudumu msaidizi wa mezani. Kampuni siitaji. Kazi yangu ilikuwa maji, mkate, kahawa, kuondoa sahani, na kucheza ukiambiwa ucheze. Safari zilikuwa za usiku saba: abiria anapanda Jumamosi, anashuka Jumamosi inayofuata asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo wengine wanaanza kupanda. Ule usiku ambao mtu ameulipia miaka miwili na atausimulia mpaka kaburini, kwangu mimi ulikuwa Ijumaa. Ulikuja kila Ijumaa.

Kwanza, usiku wenyewe ni upi

Hapa wengi hukosea. Meli nyingi haziweki sherehe yao kubwa usiku wa mwisho kabisa, na sababu ni mabegi. Usiku ule abiria anatakiwa afunge masanduku yake, ayafunge lebo ya rangi au ya namba, ayaache nje ya mlango wa chumba kabla ya saa tano au saa sita usiku, ili mabaharia wayashushe. Asubuhi anayakuta bandarini yamepangwa kwa lebo. Sasa suti na gauni vimo humo ndani. Mtu anakuja kula na suruali atakayosafiria kesho, na kila wiki hakukosekana mmoja aliyefunga mpaka viatu.

Ndiyo maana mambo ya fahari huwekwa usiku mmoja au miwili kabla, usiku wa mavazi rasmi. Usiku wa mwisho wenyewe hubaki wa bahasha, kubadilishana namba za simu na machozi machache. Bahasha nazo zimepungua, kwa sababu kampuni nyingi siku hizi hukata bakshishi moja kwa moja kwenye hesabu ya abiria, kiasi fulani kwa kila siku. Zamani ilikuwa lazima umtazame mtu usoni ukimpa.

Hili linamhusu Mama Mwenyekiti kuliko anavyodhani. Mmoja wa wastaafu wake anarudi kwao Kondoa, na familia ilishakodi fuso ije kupakia vyombo alfajiri ya siku inayofuata sherehe. Mtu ambaye godoro lake limeshafungwa kamba hawezi kucheza. Nimemwambia asogeze fuso siku mbili mbele.

Gwaride la Alaska

Hiki ndicho alichokiona kwenye video. Taa za ukumbi zinazimwa, muziki unapanda, mlango wa jikoni unafunguka. Wahudumu wanaingia kwa mstari mmoja, kila mmoja na sinia juu ya bega, na juu ya sinia kuna kitu cheupe mfano wa kichuguu kilichoungua ncha, na mwali juu yake. Abiria wanashika vitambaa vyao vya mezani na kuvizungusha hewani. Mstari unapita katikati ya meza zote, nyuma wanatoka wapishi na kofia zao ndefu, watu ambao hujawaona safari nzima ingawa umekula mapishi yao mara tatu kwa siku, na ukumbi mzima unasimama kuwapigia makofi.

Wewe uliyewahi kuhudhuria harusi yoyote ya nchi hii, niambie kama hukijui. Ni ndafu! Mbuzi mzima anaingia kabanikwa, majani mdomoni, mpishi mbele anacheza na kisu, MC anaita, simu ziko juu, mashangazi wanapunga tishu. Wenzetu wanafanya kwa aiskrimu tunachokifanya kwa mbuzi. Mara yangu ya kwanza kwenye mstari ule, wenzangu Wafilipino na Waindonesia walikuwa wanahesabu hatua kimoyomoyo. Mimi miguu ilikwenda yenyewe. Mkuu wa ukumbi akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa wajomba, Kongwa.

Kitu chenyewe kinaitwa Alaska ya kuoka, na hakina uchawi. Chini kuna keki laini, juu yake aiskrimu iliyoganda kama jiwe, halafu vyote vinafunikwa na povu zito la ute wa mayai uliopigwa na sukari. Kinaingia kwenye oveni kali sana kwa dakika chache, povu likipata rangi ya kahawia kinatoka. Aiskrimu haiyeyuki kwa sababu povu lile limejaa hewa iliyofungiwa kwenye vitundu vidogo, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ni blanketi. Jina lake linahusishwa na mgahawa wa Delmonico's wa New York na mpishi wake Charles Ranhofer, enzi ambazo Marekani ilikuwa imeinunua Alaska, nchi ya baridi kali, kutoka Urusi, mwaka 1867, kwa dola milioni 7.2, na watu wakiifanyia mzaha. Baridi ndani, moto nje. Wafaransa wana cha kwao cha namna hiyohiyo, wao wanakiita kimanda cha Norwe.

Kuhusu mwali. Zamani ulikuwa wa kweli: nusu ya ganda la yai inachomekwa juu ya povu, inatiwa pombe kali, inawashwa. Siku hizi kwenye meli nyingi ni kitaa cha betri. Baharini hakuna gari la zimamoto la kuliita. Baharia anauogopa moto kuliko anavyoyaogopa maji, na kanuni za kimataifa za usalama wa meli, zile zilizoandikwa kwa mara ya kwanza 1914 baada ya Titanic kuzama 1912, leo zina sura nzima inayohusu moto. Video ya binti wa Mama Mwenyekiti nimeitazama mara tatu. Ni betri.

Sasa, msafiri. Ukilitaka gwaride hili melini, Princess Cruises ni miongoni mwa waliojijengea jina kwalo. Carnival wao wahudumu wao huimba na kucheza katikati ya meza karibu kila safari, kwa hiyo ukipenda kelele nenda huko. Lakini kabla ya kulipa chochote, uliza swali moja: je, nitakaa meza ileile, saa ileile, na mhudumu yuleyule safari nzima? Hilo lina uzito kuliko jina la kampuni. Utaratibu wa zamani ulikuwa huo: awamu mbili za chakula cha jioni, moja kama saa kumi na mbili, nyingine baada ya saa mbili, na kila mtu na meza yake. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line wakaleta mtindo wa kula popote, saa yoyote, na wengine wengi wakafuata kwa kiasi. Ni uhuru mzuri, siupingi, hasa ukiwa na watoto wanaosinzia saa moja. Ila usiku wa mwisho unamuaga nani, ikiwa kila siku umehudumiwa na sura mpya? Disney Cruise Line wamepata ujanja wao: familia inazungushwa mgahawa baada ya mgahawa, na wahudumu wanahama nayo.

Nieleze kwa nini nalishikilia hili. Meza ya dirishani alikaa mzee na mkewe. Usiku wa kwanza niliona mkono wake unatetemeka akiinua kikombe, kahawa ikamwagika kwenye kisahani, naye akajifanya anatazama bahari, ambayo saa ile ilikuwa giza tupu. Kuanzia usiku wa pili nikawa namjazia nusu kikombe, nikirudi mara mbili. Hatukusemezana lolote kuhusu hilo. Usiku wa gwaride nilipofika mezani kwake na sinia, vitambaa vinazunguka, kelele, alinivuta mkono wa koti nikainama, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: nusu kikombe, asante. Basi. Nimecheza gwaride lile zaidi ya mara sitini na ndilo hilo moja ninalolikumbuka. Bila nusu kikombe, lile lingine lote ni onyesho la sinia.

Na ukumbini Dodoma? Nikiri aibu yangu. Mwaka jana nililijaribu kwenye sherehe ya kipaimara huko Nzuguni, watu themanini, Alaska nane. Saa mbili usiku umeme ukakatika. Jenereta ilikuwepo, lakini ilikuwa ya muziki, na DJ akagoma katakata kuchomoa spika nichomeke friza. Nikasema si neno, friza lililojaa linashikilia baridi. Lingeshikilia kama watoto wa ile nyumba wasingekuwa wanalifungua kila dakika mbili kutafuta soda. Taa zikazimwa (zilikuwa zimeshazimika), vijana wangu wakaingia na masinia, watu wakashangilia kwa dhati. Povu limesimama wima kama kilima cha Mlimwa. Nikachoma kisu. Ndani, maziwa. Mtoto mmoja aliyekaa karibu akaniuliza, “Anti, huu ni uji?”

Mbuzi hana matatizo hayo. Akichelewa nusu saa, anakuwa mtamu zaidi.

Kwa anayetaka kujaribu hata hivyo: usiweke aiskrimu laini ya mashine, tumia ile ya ndoo iliyogandishwa usiku mzima. Panga keki na aiskrimu tangu jana yake, virudi friza. Povu piga siku yenyewe, na trei moja ya mayai inakutosha Alaska nne za watu kumi kumi. Viini usitupe, kesho yake vinaingia kwenye maandazi. Oveni ya ukumbi usiitegemee. Choma povu kwa kile kimtungi kidogo cha gesi chenye mdomo wa moto, ukiwa umesimama mlangoni, si jikoni. Na juu weka kitaa cha betri, kwa sababu mapambo ya kumbi zetu ni vitambaa kuanzia dari mpaka sakafu.

Chakula cha nahodha

Hiki ni cha kimyakimya. Mavazi rasmi, kadi ya chakula iliyochapwa, sahani moja baada ya nyingine, na nahodha katika sare nyeupe anainua glasi, anashukuru wafanyakazi, anatania kuhusu mawimbi ya Jumanne, anakaa. Desturi imetoka kwenye meli kubwa za kuvusha abiria za karne iliyopita, ambako kualikwa meza ya nahodha kulikuwa heshima ya kuandikia barua nyumbani. Anayeishikilia hasa mpaka leo ni Cunard. Queen Mary 2 yao, inayofanya kazi tangu 2004, huvuka kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku saba, na safarini humo zinakuwepo jioni za gala ambazo mwanamume anatakiwa avae suti nyeusi na tai ya kipepeo, au angalau suti ya rangi nzito. Asiyetaka hafukuzwi, ila anakwenda kula sehemu nyingine za meli. Na hata wao, usiku wa mwisho hauwi wa gala. Mabegi tena.

Kuihudumia ni kazi ya kuchosha mgongo na haina kicheko. Lakini lazima niseme ukweli: kwa Dodoma, hii ndiyo inayotufaa bila mazoezi. Mji huu unaishi kwa itifaki. Meza kuu tunaijua, utambulisho kwa vyeo tunaujua, nani aingie wa mwisho na nani ainuke wa kwanza, mtu hahitaji kufundishwa. Mtihani wetu uko kwenye hotuba. Nahodha husema dakika chache akakaa. Mgeni rasmi wetu akipewa kipaza sauti, supu inaganda. Kamati ikichagua hii, iandike kwenye ratiba kwamba glasi zinainuliwa kabla ya hotuba ndefu, wala si baada yake.

Glasi zenyewe tunazo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvinyo unatengenezwa hapahapa, na juisi ya zabibu ipo. Weka mvinyo mwekundu kwa wanaokunywa na juisi ya zabibu nyeusi kwa walokole na Waislamu, glasi za aina moja, rangi moja. Hakuna atakayechungulia cha mwenzake.

Gharama iko kwenye vyombo na watu. Bafe la kawaida la ukumbini linakwenda na mhudumu mmoja kwa watu ishirini na tano, wengine wanajipakulia. Chakula cha nahodha kinataka mmoja kwa watu kumi, na kila mlaji sahani nne au tano zinazooshwa zikarudi. Ukikodi sahani, hesabu zote. Kuna kitu kimoja hapa ambacho ningekiiba hata kama mengine yote nitayaacha: kadi ya chakula. Abiria walikuwa wakiizungusha mezani isainiwe na kila mtu, wanaondoka nayo. Nimewahi kuona mama amekuja na ya miaka thelathini nyuma, karatasi imekuwa ya manjano, anaonyesha majina. Kwa mstaafu, kadi yenye saini za ofisi nzima inashinda saa ya ukutani yenye picha yake.

Bafe la usiku wa manane

Hili lipite haraka. Bata mzinga, bata maji wa kuchongwa kwa barafu, matikiti yaliyochongwa sura za watu, vyote vinafunguliwa saa sita usiku kwa watu waliokula saa mbili. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kupiga picha tu, hugusi. Kampuni nyingi zimeliacha kwa sababu ya gharama na chakula kilichokuwa kikitupwa, na mimi niliyekuwa nikikitupa sisikitiki. Katika mkoa ambao wazee bado wanaitaja njaa ya Mtunya, ile ya kipindi cha Vita ya Kwanza ya Dunia, sioni mtu wa kumchongea tikiti ili asile. Barafu kwa joto la mwezi wa kumi, hata tusizungumze.

Usiku wa kanzu, Mto Nile

Hii sikuifanyia kazi, niliipanda kama abiria, na akiba yangu ya mkataba wa pili ndiyo ilikwisha huko. Boti za Nile kati ya Luxor na Aswan ni za ghorofa tatu nne, abiria mia moja na kitu, safari ya usiku tatu au nne. Karibu kila boti ina usiku wa galabeya, mara nyingi ukielekea mwisho: wote mnavaa galabeya, ambayo ni kanzu yetu yenye mikono mipana na nakshi kifuani, mnakula vyakula vya Misri, na baadaye anakuja mchezaji wa tanura, anayezunguka na marinda ya rangi mpaka wewe ndiye unayepata kizunguzungu.

Usipokuwa na galabeya, utauziwa Esna. Pale boti zinasubiri kupita kwenye mlango wa maji, na wachuuzi wanakuja na mitumbwi chini, wanarusha nguo ndani ya mifuko ya plastiki mpaka sitahani. Unaijaribu, unapatana bei kwa kupiga kelele, unarudisha pesa ndani ya mfuko uleule. Mimi nilirushiwa tatu, nikarudisha mbili. Ya kijani ninayo.

Kwa msafiri wa Dodoma anayeuliza aanze wapi, ninamwambia aanze huko. Meli za Mediterania zinataka viza ya Schengen, za Karibi mara nyingi zinaanzia Marekani, na kabla hujaonja mkate wa meli umeshatoka jasho ubalozini. Cairo kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar. Chakula kwa kawaida ni halali. Boti ni ndogo, kwa hiyo usiku wa pili tu mhudumu anajua unakunywa chai ya namna gani. Na maji unayoelea juu yake, sehemu yake yametoka Ziwa Victoria. Kuna raha fulani ya kimyakimya katika hilo.

Ukumbini, ingekuwa rahisi kuliko zote, ila ina kasoro ambayo iliniingia nikiwa naandika. Kwa Mjerumani, kanzu ni vazi la mchezo: analivaa, anajicheka, anapigwa picha. Kwa Mzee Mstaafu wa kwetu, kanzu ni nguo ya Ijumaa. Ukimwambia aje amevaa kanzu, atakuja, na hakutakuwa na kilichobadilika. Mchezo unakufa. Ningechukua wazo na kuliacha vazi: wanachofanya Wamisri ni kumlisha mgeni chakula cha nyumbani usiku wa mwisho, si cha hoteli. Basi ugali wa uwele na mlenda uwepo mezani siku hiyo, kwenye bakuli zuri, si kwa kujificha. Na wanaume wakipiga muziki wa spika jioni nzima, wapishe dakika kumi kinamama wa muheme na ngoma zao.

Mnada wa ramani

Huu nilihadithiwa na mwenzangu aliyehamia meli ndogo za Antaktika, zile zinazoondokea Ushuaia, Argentina. Kule hakuna gwaride wala suti. Watu wamevaa majaketi siku kumi. Usiku wa mwisho wanaonyeshwa picha za safari yao ukutani, nahodha anaaga, kisha inaletwa ramani ya baharini iliyochorwa njia waliyopita, imetiwa saini na nahodha, mabaharia wameizungushia michoro ya pengwini na nyangumi. Inanadiwa. Pesa kwa kawaida zinakwenda kwenye hifadhi, mara nyingi ya ndege wa baharini.

Mnada! Hapa ndipo nilipompigia Mama Mwenyekiti kabla siku mbili hazijaisha. Kama kuna kitu Dodoma haihitaji kujifunza kwa mtu ni mnada. Kila Jumamosi Msalato inatuona. Nikamwambia achukue ramani ya mkoa na mikoa jirani, wachore kwa kalamu nyekundu kila kituo ambacho wastaafu wale wanne wamefanya kazi, kisha inadiwe. Na mnadi asiwe MC, aletwe mnadi wa kweli.

“Watatu tunazo njia zao,” akasema. “Mpwapwa, Manyoni, mmoja alifika mpaka Kiteto. Wa nne hana njia. Hajawahi kuhamishwa.”

“Ni nani?”

“Mama Chai. Miaka thelathini na moja jikoni mwa ofisi. Anajua kila mtu sukari ngapi, wakurugenzi wameingia na kutoka yeye yupo.”

Nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimeandika kurasa zote hizi kulinganisha masinia, na nusu kikombe alikuwa amekaa kwenye orodha yao tangu mwanzo.

Kwa hiyo tumechagua, na tumechagua kwa kuchanganya. Gwaride litakuwepo, ila ndafu ndiyo itakayolibeba, mbuzi wawili, muheme mbele. Alaska itakuwa moja tu, ndogo, ya meza ya wastaafu. Kadi za chakula zitasainiwa. Ramani itanadiwa, na pale katikati ya Dodoma, mahali ofisi ilipo, itachorwa birika. Hotuba dakika tano. Masinia hayatabebwa na vijana wangu. Yatabebwa na wale walioletewa chai, kuanzia Mkurugenzi kushuka chini, na Mama Chai amekaa.

Mkurugenzi ameulizwa kama ataweza kubeba sinia begani huku anacheza. Amejibu kwamba anahitaji mazoezi, yawe Alhamisi baada ya kazi na mlango ufungwe.

Mimi Jumamosi naelekea Msalato kutazama mbuzi. Mayai nimeshaagiza. Jenereta zitakuwa mbili, na moja DJ haigusi.